Acheni Kuvuta Jedwali kwa Mausi!

Haya wasomaji wangu, leo sina habari za simu mpya wala toleo jipya la Linux. Leo nina kesi. Mshtakiwa wa kwanza ni ule mkono unaoshika mausi, unanyemelea mstari wa jedwali mpaka kishale kigeuke kuwa vishale viwili, halafu unavuta... unavuta... na kuachia pale jicho linaporidhika. Mshtakiwa wa pili ni programu yenyewe, ile inayojifanya inajua upana wa safu kumshinda mwenye hesabu zake.

Shtaka ni hili: upana wa jedwali ni nambari, na nambari huandikwa. Haivutwi, wala haikisiwi. Anayevuta kwa jicho na anayeiacha programu ikisie wamefanya kosa moja: wamekataa kuamua. Wakikataa wao, ataamua mwingine. Itakuwa printa, au kompyuta ya saiba, au toleo jingine la programu. Na atakayelipia ni yule anayesimama kwenye foleni akiwa na sarafu mkononi, kwa sababu kila ukurasa unaochapwa ni pesa, uwe umetoka vizuri au vibaya.

Najua mtasema ni jambo dogo. Hebu tulitazame.

KINACHOKATWA NI JUMLA

Tunaandika kutoka kushoto kwenda kulia. Kwa hiyo majedwali yetu karibu yote yana sura moja. Chukua kumbukumbu za chama: kushoto kabisa nambari ya mfululizo, kisha jina, kisha simu, kisha mchango, kisha deni, na mwisho, kulia kabisa, jumla. Bajeti ya matanga ni hivyo hivyo. Orodha ya harambee, ankara ya fundi, bei unazopeleka kuomba tenda, fomu ya matokeo ya mwanafunzi: zote zinaanza na kitu kisicho na uzito na kumalizia na kile kila mtu anachokitafuta.

Sasa jedwali likizidi upana wa karatasi, linakatika upande gani? Wa kulia! Nambari ya mfululizo, ambayo hakuna mtu aliyeiulizia, inatoka safi kabisa. Jumla ndiyo inayoning'inia nje ya ukurasa, na printa haichapi hewani. Unapata karatasi inayokuambia kwamba mwanachama wa saba ni fulani na simu yake ni hii, lakini anadaiwa ngapi, hakuna ajuaye.

Wahenga walisema mali bila daftari hupotea bila habari. Daftari lililokatwa safu ya mwisho lina hatari ya aina yake: asiye na daftari anajua hana, lakini mwenye karatasi iliyokatwa anaamini anayo. Anaipeleka mkutanoni, mtu anakumbuka jumla kwa kichwa, mwingine anakumbuka nyingine, na ugomvi unaanza. Ugomvi wa pesa uliosababishwa na sentimita mbili!

MASHINE INAYOJIFANYA MWEREVU

Tuanze na programu, kwa sababu ndiyo inayofundisha watu tabia mbaya.

Ukifungua Word na kuchora jedwali kwa kile kigridi cha vijisanduku, unapewa jedwali ambalo kisanduku cha "Automatically resize to fit contents" tayari kimetiwa alama. Hukuulizwa. Maana yake ni kwamba safu zitajipanua na kujibana kufuata maandishi yaliyomo. Inasikika kama huduma. Lakini bandika anwani ndefu ya tovuti ndani ya seli moja tu, na utaona huduma hiyo ni ya aina gani. Anwani haina nafasi katikati, haikatiki, basi safu yake inanenepa na jirani zake wanakondeshwa. Jina la mwanachama lililokuwa kwenye mstari mmoja sasa limesimama wima kama ngazi. Seli moja imewahukumu wote.

Ubaya zaidi ni kwamba upana huo unategemea fonti. Maandishi yakiwa ya Calibri yana upana mmoja. Yakibadilishwa fonti yana upana mwingine, hata kama ukubwa ni ule ule wa 11. Word ilianza kutumia Calibri kama fonti ya msingi katika toleo la 2007. Mwaka wa 2023 Microsoft ikatangaza kwamba nafasi hiyo inachukuliwa na Aptos. Sasa fikiria: umeandika nyumbani kwa kompyuta yenye Aptos, umepeleka faili saiba yenye toleo la zamani lisilo na fonti hiyo. Mashine ya saiba itatafuta fonti nyingine ya kujazia. Herufi zimebadilika upana, safu zinapigwa hesabu upya, na jedwali unaloliona pale si lile uliloliacha nyumbani. Hujagusa kitu, na mwenye saiba pia hajagusa kitu. Hamtajua hata mlaumu nani.

Mimi nasema laumuni ule mpangilio uliowekwa bila kuuliza.

NA MKONO NAO

Kuvuta kwa mausi si dawa, ni ugonjwa wa pili.

Kwanza, jicho halipimi. Hata fundi wa nguo aliyekaa kibarazani miaka ishirini anatoa futi ya kupimia kabla ya kukata kitambaa, na kitambaa hakibadiliki kikipelekwa nyumba ya pili. Wewe unavuta mstari kwenye skrini iliyokuzwa asilimia 80, unaridhika, unaita hiyo kazi.

Pili, kuna mtego ambao wengi hawaujui. Katika Word, ukiwa umechagua seli moja kisha ukavuta mstari wake, unasogea mstari wa seli hiyo peke yake. Safu nyingine zinabaki pale pale. Matokeo yake ni jedwali lenye meno, mistari haikutani. Mtu anajaribu kurekebisha kwa kuvuta tena seli ya chini yake, inakosa kwa nywele moja, anavuta tena. Dakika kumi zimeenda na meno yameongezeka.

Ukitaka kujua uharibifu huo umeingia wapi, nenda ndani ya faili. Faili ya docx ni zipu tu. Tengeneza nakala, ipe jina linaloishia na .zip, ifungue, ingia folda inayoitwa word, fungua document.xml. Utakuta upana wa jedwali umetajwa mahali patatu: tblW ni wa jedwali zima, gridCol ni wa kila safu ya gridi, na tcW ni wa kila seli. Vipimo vyake ni sehemu ya ishirini ya pointi. Pointi 72 ni inchi moja, kwa hiyo inchi moja ni 1440.

Pale ulipovuta mstari wa seli moja, gridi imeongezewa safu nyembamba ya kuziba lile pengo. Jedwali unalodhani lina safu tano, kwenye faili lina sita, saba, nane. Sasa vile vipimo vya mahali patatu vikikubaliana, amani. Vikipingana, kila programu inachagua yenyewe imsikilize nani, ndiyo maana jedwali hilo hilo likifunguliwa kwa LibreOffice linakuja na sura nyingine. Watu wanasema LibreOffice imeharibu kazi yangu. Hapana bwana. Imefungua faili yenye mashahidi watatu wanaopingana, ikamwamini mmoja.

Na kabla hujasema hii ni siri ya watengenezaji: maelezo yote yako wazi. Muundo huu ulipitishwa na Ecma mwaka wa 2006 kwa jina la ECMA-376, kisha ukawa ISO/IEC 29500 mwaka wa 2008. Humo imeandikwa kwamba jedwali lisipotaja aina ya mpangilio wake, lichukuliwe kuwa la kujipanua lenyewe. Yaani ukinyamaza, umekubali.

KARATASI YA MAREKANI

Kuna chanzo cha tatu ambacho hakisemwi sana. Kompyuta nyingi huku kwetu zimewekwa Kiingereza cha Marekani kwa sababu ndicho kinachotangulia kwenye orodha, na aliyeiweka alikuwa na haraka. Mashine ya namna hiyo inafungua ukurasa mpya wa Letter, karatasi ya Kimarekani ambayo huku hata dukani huioni. Sisi tunatumia A4.

A4 ina upana wa sentimita 21. Letter ina sentimita 21.59. Ukitoa pambizo ya sentimita 2.54 kila upande, A4 inakuachia 15.92 na Letter inakuachia 16.51. Tofauti ni 0.59. Jedwali lililojaza Letter, ukibadilisha ukurasa kuwa A4, litachungulia nje ya pambizo kwa zaidi ya nusu sentimita, kama upana wake uliandikwa au kuvutwa kwa sentimita. Kama uliandikwa kwa asilimia, yaani asilimia 100 ya nafasi iliyopo, litajipunguza lenyewe na hakuna atakayejua kulikuwa na shida.

Hapo ndipo unapoona tofauti ya kuamua na kubahatisha. Mtu wa asilimia 100 alisema anachotaka: jijaze hapa katikati ya pambizo, basi. Mtu wa mausi hakusema kitu, aliacha alama tu.

UTETEZI WENU NIMEUSIKIA

"Kwangu inaonekana sawa." Kwako ndiyo. Jedwali halikuandikwa likae kwako.

"Nitatuma PDF." Vizuri, PDF hugandisha ukurasa usibadilike. Lakini inagandisha na kosa pia! Kama safu ya jumla ilikuwa nje ya karatasi, sasa iko nje ya karatasi milele, na mwenzako hawezi hata kukusaidia. Tena katibu wa chama anahitaji faili ya kuongeza mwezi ujao. Utamtumia PDF kila mwezi mpaka lini?

"Napunguza pambizo, inaingia." Hii ndiyo inayonikera kuliko zote. Pambizo haikuwekwa kwa urembo. Printa nyingi za ofisini haziwezi kuchapa mpaka ukingoni, zinaacha milimita kadhaa. Halafu karatasi ikishachapwa inatobolewa iingie kwenye faili. Kiwango cha ISO 838 kinaweka katikati ya tundu milimita 12 kutoka ukingoni, na tundu lenyewe lina upana wa milimita 6. Piga hesabu: tundu linafika milimita 15. Pambizo yako ya sentimita moja inamaanisha umetoboa nambari za watu.

"Kupima kunachelewesha." Kujaza nambari sita kwenye visanduku sita ni kazi ya dakika moja. Kuvuta meno ya jedwali ni kazi ya alasiri nzima.

Nitawapa haki yenu kidogo: kama ni jedwali la kujikumbusha tu, halitachapwa, halitatumwa kwa mtu, vuta upendavyo. Jikoni kwako pika kwa mkono. Lakini ukipikia watu wa harusi, mchele hupimwa.

BASI FANYENI HIVI

Kabla ya kugusa jedwali, weka ukurasa uwe A4. Kwenye Word ni "Layout", kisha "Size". Ukigeuza mpangilio ukaanza na jedwali, utarudia kazi.

Pili, gawanya nafasi kwa kalamu kwanza. Hapa ni chama chetu cha safu sita: nambari asilimia 8, jina 30, simu 20, mchango 14, deni 14, jumla 14. Ongeza, ni 100. Kwenye sentimita 15.92, simu inapata 3.18. Inatosha? Tupime. Tarakimu ya Times New Roman ina upana wa nusu ya ukubwa wa fonti, kwa hiyo kwa ukubwa wa 12 kila tarakimu ni pointi 6. Simu ya tarakimu 10 ni pointi 60, yaani sentimita 2.12. Word huacha sentimita 0.19 za hewa kila upande wa seli, jumla inakuwa 2.5. Inatosha na chenji inabaki. Umeona? Hakuna kukisia, ni hesabu ya darasa la sita.

Tatu, bonyeza kitufe cha kulia ndani ya jedwali na uchague "Table Properties". Kwenye "Table", tia alama kwenye "Preferred width", chagua asilimia, andika 100. Kisha bonyeza "Options" na uondoe alama kwenye "Automatically resize to fit contents". Hapo umemnyang'anya mshtakiwa wa pili usukani.

Nne, nenda kwenye "Column", andika upana wa safu ya kwanza, bonyeza "Next Column", andika wa pili, mpaka mwisho. Maliza.

Wa LibreOffice, nanyi msijione. Watu wanafungua "Table", kisha "Properties", wanakuta kisanduku cha upana kimefifia, hakiandikiki, wanarudi kwenye mausi wakilalamika. Kimefifia kwa sababu ulalo wa jedwali umewekwa "Automatic". Chagua "Left" au "Center" na kisanduku kitafunguka. Tia alama kwenye "Relative" ukitaka asilimia. Upana wa safu moja moja uko kwenye "Columns".

Na jedwali ulilobandika kutoka Excel likakimbia nje ya ukurasa? Usilivute! Excel haijali karatasi mpaka siku ya kuprinti, kwa hiyo jedwali linakuja na upana wa kule lilikotoka. Liweke mshale ndani, nenda "Layout" ya jedwali, "AutoFit", chagua "AutoFit Window". Litarudi ndani ya pambizo. Kisha andika upana wa safu kama hapo juu.

Na kama safu ni kumi na mbili, kubali ukweli: karatasi iliyosimama haikutoshi. Ilaze. A4 iliyolala, ukitoa pambizo zile zile, ina sentimita 24.62. Zikikosa kutosha hata hapo, tatizo si upana, umeweka mambo mawili kwenye jedwali moja. Ligawe.

WALIMU NA WENZANGU

Nina neno kwa wanaofundisha vyuo vya kompyuta. Mwanafunzi analipa karo, anafundishwa kuingiza jedwali, kupaka rangi vichwa vya safu, na kuvuta mstari. Anaondoka na cheti. Hajawahi kufungua "Table Properties" hata mara moja. Huyo ndiye atakayekaa kaunta ya saiba na kuchapa karatasi zetu za tenda. Mtihani wake ungekuwa rahisi: mpe faili, mwambie safu ya tatu iwe sentimita 3.2 kamili, na jedwali libaki ndani ya pambizo ukurasa ukibadilishwa. Anayevuta, arudie.

Na sisi tunaoandika programu hatuna pa kujificha. Mifumo yetu ya shule na ya Sacco inatoa ripoti za docx ambazo zimeacha tblLayout tupu, eti Word itajipangia. Sheria ya mchezo imekuwapo muda mrefu. Kwenye kurasa za tovuti, CSS2 ilitupa table-layout: fixed tangu mwaka wa 1998, na kivinjari kikiiona kinafuata upana uliotajwa bila kusubiri kusoma kila seli. Kwenye docx kuna neno lilo hilo, fixed. Liandikeni. Na jumla ya gridCol ilingane na tblW: kwa A4 yenye pambizo za inchi moja, ukurasa ni 11906, ukitoa 2880 unabaki na 9026. Kama mnaandika kwa asilimia, kumbukeni asilimia 100 huandikwa 5000, kwa kuwa huhesabiwa kwa sehemu ya hamsini ya asilimia. Mistari mitatu ya kodi, na mama fulani hatalazimika kulipia karatasi mara mbili ili aone karo ya mtoto wake imebaki ngapi.

Maana mwisho wa yote, jedwali ni ahadi. Ukimpa mtu jedwali la safu sita unamwambia: haya mambo sita nimeyapanga, yako hapa, yahesabu. Huwezi kutoa ahadi ya sita na kumpa tano, halafu ukasingizia printa.

Kwa hiyo leo jioni, fungua ile faili ya chama. Ndiyo, ile. Mausi iweke kando, andika nambari sita, hakikisha zinafika mia. Kisha iprinti na uangalie upande wa kulia.